Shokapu za nyuma za CG125 ya zamani: wewe una shida ya oili, wao wanakuuzia springi

Mwalimu mmoja wa Ifakara kaniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 aliyoniachia mzee, ya miaka ya tisini mwanzoni. Nyuma inadunda kama mpira na shokapu moja inavuja. Mi nina kilo 82, siku za kazi naenda mwenyewe shuleni kilomita 14 vumbi tupu, Jumamosi nabeba mama watoto na kagunia ka mchele. Fundi wa hapa anasema nifunge za pikipiki ya Boksa, mwingine anasema nichukue zile zenye chupa pembeni, na za orijino nimetajiwa bei ya kunitoa machozi. Nifunge zipi ambazo hazitaniumiza mfukoni?"

Marahaba mwalimu. CG yako haijafa, na hiyo bei ya machozi huna haja nayo. Ila kabla hujatoa hata mia tuelewane kitu kimoja, maana hapa ndo watu wanaliwa hela na hata mafundi wengine wanakariri tu. Shokapu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna springi, kazi yake kubeba, basi. Afu kuna kile kibomba cha katikati chenye oili na pistoni yenye vitundu vidogo, kazi yake ni kuituliza ile springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Springi ukiiminya inakurudishia karibu nguvu yote uliyoipa, yenyewe haina breki. Breki yake ni oili inayolazimishwa kupita kwenye vile vitundu, mdundo unageuka joto, ndo maana ukitoka kwenye rafu ndefu ukagusa kibomba cha shokapu nzima unakikuta kina uvuguvugu na kile cha shokapu iliyokufa kimepoa tu. Sasa yako imevuja, oili imetoka hewa imeingia, springi imebaki peke yake inacheza ngoma. Kwa hiyo pikipiki inayodunda kama mpira springi yake haina kosa, kilichokufa ni oili.

Nasisitiza hapo kwa sababu ushauri wote unaopewa mtaani unahusu springi. Funga ngumu zaidi, kaza ngazi (kile kipete chenye vidato chini ya springi), weka mpira katikati ya springi, pachika springi ya pili. Ukiweka springi ngumu juu ya oili iliyokufa pikipiki itadunda zaidi, maana mwenye nguvu ya kurusha umemwongezea na mwenye kazi ya kumshika bado hayupo. Nimeona vijana wa bodaboda wanazipasha springi moto ili "zikae sawa", hiyo ni kuua chuma, springi ikishapoteza ugumu wake wa kiwandani inalala na hairudi tena.

Haya. Kabla ya duka, fanya ukaguzi wa nusu saa. Kwanza upepo wa tairi, usicheke, tairi iliyojazwa kama jiwe inakupiga mgongo halafu unailaumu shokapu. Weka kile kipimo cha kwenye stika ya pikipiki, kama stika imefutika uliza mwenye kitabu. Pili panda stendi ya kati tairi ya nyuma iwe hewani, shika tairi kwa mikono miwili usukume kushoto kulia. Ukisikia kagonga au ukaona ule uma wa nyuma unaoshika tairi, wengi wanauita swingamu, unacheza pale unapoingia kwenye chesisi, hapo bushi, vile vibomba vidogo ambavyo swingamu inazungukia, zimekwisha. Bushi za swingamu ni hela ndogo ila zikiwa zimeisha hata ufunge shokapu za bei gani pikipiki itayumba kwenye kona kama ng'ombe aliyelewa, na pikipiki ya miaka thelathini barabara ya vumbi mi ningeshangaa zikiwa nzima. Badilisha kwanza hizo. Tatu angalia matundu ya bolti za shokapu pale kwenye chesisi, kama kuna ufa au kamba ya bolti, ile mizunguko ya kukazia nati, imeliwa, nenda kwa mchomeleaji anayejua kazi, usiende kwa yule wa mageti.

Sasa kipimo, na hapa usikubali mtu akwambie "hizi ni za CG zinaingia". CG125 ilitoka mwaka 1976, injini ya vali za kusukumwa na vijiti, Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabeba mzigo na sevisi ni ya kubahatisha. Ikawa ngumu mno, Wachina wakaiga ile injini wakaitia kwenye chesisi za kila aina, 125, 150, mpaka bajaji za mizigo. Ndo maana leo ukifika Kariakoo ukasema "CG" muuzaji anaelewa familia ya injini. Shokapu haifungwi kwenye injini. Boksi limeandikwa CG na ndani kuna shokapu ya chesisi nyingine yenye urefu mwingine, muuzaji wala hajakudanganya, mmeongea lugha mbili tu.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi inaning'inia, chukua futi pima kutoka katikati ya bolti ya juu mpaka katikati ya bolti ya chini, kwa milimita. Usipime kutoka ncha mpaka ncha ya shokapu, hapo watu wengi wanakosea. Pima kushoto na kulia. Tuseme umepata 330, basi unatafuta 330. Ikizidi au ikipungua milimita 5 sawa, 10 ndo mwisho wangu, zaidi ya hapo achana nayo hata kama ni ya bure. Ukiweka ndefu nyuma inapanda, mbele inasimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi hasa kwenye mchanga, cheni inaanza kusugua swingamu, stendi ya pembeni pikipiki inalala sana, na ukiweka stendi ya kati tairi inagusa chini. Ukiweka fupi tairi inapiga madigadi ukishuka shimoni na mama watoto nyuma, na mimi hiyo kelele naijua. Zamani niliwahi kufunga fupi kwenye pikipiki yangu kwa sababu ya ubahili, wiki ya pili tu madigadi ilikatwa na tairi njiani, nikaimalizia safari nimeibeba mkononi.

Pima pia matundu ya shokapu yenyewe. Ndani ya kila jicho, yani ile pete ya kwenye ncha, kuna mpira na ndani ya mpira kuna kipande cha bomba la chuma, bolti inapita humo. Unataka upana wa hilo tundu na upana wa jicho zima kutoka ukuta hadi ukuta. Matundu ya milimita 10, 12 na 14 ndo utayakuta sana. Tundu likiwa dogo kuliko bolti usikubali fundi atoboe, likiwa kubwa kidogo bushi ya chuma ya kuchongesha kwa fundi wa mashine inatosha na ni bei ya soda kadhaa. Na angalia chini kama yako ina jicho au ina uma, kuna pikipiki shokapu yake chini ina mdomo wa uma unaokumbatia kipande cha swingamu, ukinunua yenye jicho huifungi. Beba shokapu ya zamani dukani. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kutembea na shokapu kwenye mfuko, mi naipanda nayo daladala.

Sasa zipi. Nianze na zile za chupa maana najua zinakuvutia, zinang'aa, zina rangi ya dhahabu, na kijana wa dukani anakwambia ni za gesi. Chupa ya kweli ina kazi yake, inaongeza nafasi ya oili na inakaa gesi ya nitrojeni iliyotenganishwa na oili ili oili isitoke povu ikipata joto. Povu ni adui, pistoni ikipita kwenye povu ni kama inapita hewani. Kwa hiyo ile kitu kwenye pikipiki za mashindano ina maana. Ila kwenye hizi za bei chee mara nyingi chupa ni urembo. Nilinunua jozi moja, duka silitaji, zilidumu msimu mmoja wa mvua zikaanza kulia machozi, nikaikata moja nione. Chupa ilikuwa chuma kitupu, haina hata tundu la kwenda kwenye kibomba. Nililipia rangi. Tena usikate shokapu kama nilivyokata mimi, kama kweli ina gesi ile presha inaweza kukutoa jicho, mi nilikuwa nimeshatoboa katundu kwanza nimefunika na matambara na bado haikuwa akili.

Za Boksa. Fundi wako hajakosea sana, na sababu ninaielewa, spea za Boksa ziko kila kijiji na nyingi zinatoka kwa watengenezaji wa India ambao ndo hao hao wanawauzia viwanda vya pikipiki, majina kama Endurance na Gabriel utayaona yameandikwa kwenye kibomba au kwenye boksi. Kwenye Boksa wana mtindo wa springi ndani ya springi, ndogo imekaa ndani ya kubwa, ili pikipiki ibebe mzigo bila kulala. Kwa dereva wa bodaboda anayeshinda na abiria wawili, mshikaki wenyewe, ni sawa kabisa. Kwako wewe, siku tano kati ya sita uko peke yako na kilo 82 kwenye vumbi la makorongo, itakupiga kiuno. Afu urefu wake upime usiamini mdomo. Kama ungekuwa unabeba kila siku ningekwambia funga hizo kama vipimo vinakubali, ila sio kwa Jumamosi moja.

Za mtumba kutoka pikipiki za Japani au zilizopata ajali, mi kwa shokapu huwa nakataa. Injini ya mtumba sawa, tanki la mtumba sawa, shokapu ya mtumba unanunua oili ya mtu mwingine iliyozeeka na sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, iliyokauka stoo. Labda ukute iliyotoka kwenye pikipiki mpya iliyogongwa mbele, rodi yake, ile fimbo inayoingia kwenye kibomba, inang'aa haina mchubuko, hapo tunaweza kuongea.

Kufungua na kujaza oili upya. Kuna shokapu za zamani zenye kifuniko cha kamba, hizo zinafunguka, fundi mzuri anabadilisha sili na anaweka oili ya shokapu, sio ya injini. Lakini za pikipiki ndogo nyingi zimefungwa kiwandani kwa kukunjwa au kuchomelewa. Wapo wanaozikata, wanajaza, wanachomelea tena, na joto la kuchomelea linaikaanga sili mpya waliyoweka dakika tano zilizopita. Itakaa mwezi. Hiyo hela ongeza kwenye mpya.

Halafu kuna za wakubwa. YSS wa Thailand, Hagon wa Uingereza ambao wanakuuliza uzito wako wanakufungia springi ya uzito huo, IKON wa Australia waliorithi kazi ya kampuni ya shokapu ya Koni. Vitu vizuri mno, na kama siku moja utataka kuifanya hiyo CG iwe ya kumbukumbu ya mzee ioshwe Jumapili tu, agiza. Ila ukijumlisha usafiri na ushuru unaweza ukakaribia bei ya pikipiki yenyewe, na barabara ya vumbi haina heshima kwa mtu.

Jibu langu kwako ni shokapu mpya za kawaida, zenye springi moja, za daraja la pikipiki ya 125, za India au za Mchina mwenye jina linaloeleweka, urefu sawa na wako, jozi. Jozi nasema, usibadilishe ile inayovuja peke yake. Ukiweka mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, upande mmoja unashika na mwingine unaachia, swingamu inajipinda kila tuta, kama bushi umebadilisha utazimaliza tena.

Dukani fanya hivi. Mwambie akupe jozi tatu nne usikimbilie ya kwanza. Simamisha shokapu wima kama itakavyokaa kwenye pikipiki, ibonyeze kwa uzito wako mara tano sita, maana imelala shelfu miezi na hewa imeingia mahali pasipo pake, mibonyezo ya kwanza itakudanganya. Baada ya hapo bonyeza kisha achia kwa ghafla ukiwa bado umegusa juu. Nzuri inapanda kwa utaratibu kama mtu mzima anayeinuka kwenye kiti. Mbovu inaruka pah. Ukisikia kuna sehemu katikati haina upinzani kabisa, inapita tu kama hewa, rudisha. Halafu linganisha mbili za jozi, zote zirudi kwa mwendo mmoja, nimeshakuta boksi moja lina shokapu mbili zisizofanana hata rangi ya oili. Pitisha ukucha kwenye rodi, mchubuko wowote utakata sili. Ukiona unyevu wa oili kwenye shokapu mpya usikubali kuambiwa ni grisi ya kiwanda. Muuzaji akikunja uso unavyobonyeza bonyeza mali yake, nenda duka linalofuata, Msimbazi na Gerezani hakuna upungufu wa maduka, na hata Morogoro mjini utapata bila kufika Dar.

Kufunga sio kazi kubwa, spana mbili na nguvu kidogo. Pikipiki kwenye stendi ya kati, piga picha kwa simu jinsi washa, vile visahani vya bolti, zilivyopangana, badilisha upande mmoja kwanza wakati wa pili bado umefungwa, hivyo swingamu haianguki na matundu yanabaki mahali pake. Safisha bolti, paka grisi kidogo kwenye chuma sio kwenye mpira, mpira ukila grisi unavimba. Nati ziingie kwa mkono kwanza, afu ishushe pikipiki ikae kwenye tairi zake, kaa juu kidogo, ndo ukaze ya mwisho. Ukikaza ikiwa inaning'inia, ile mipira ya kwenye macho inabaki imejisokota muda wote ukiwa unaendesha na itachanika mapema. Ukimaliza pima mlegeo wa cheni upya maana nyuma imeinuka kidogo, na taa ya mbele iangalie usiku, isije ikawa inamulika ardhi. Baada ya kwenda na kurudi shule wiki moja kamata tena spana uzikague.

Sasa zile ngazi za chini ya springi. Watu wanadhani kukaza ngazi kunaifanya springi kuwa ngumu, hapana. Tuseme springi yako inataka kilo 20 ili ilale sentimita 1. Ukikaza ngazi mpaka mwisho bado itataka kilo 20 kwa kila sentimita, ulichofanya ni kuinua mahali inapoanzia, pikipiki inakaa juu zaidi. Kazi ya ngazi ni kurudisha kimo ukiongeza mzigo. Pima hivi, tairi ikiwa hewani pima kutoka nati ya ekseli mpaka alama yoyote juu yake kwenye karia, andika. Ishushe, kaa ulivyo na begi lako la madaftari, mtu akushikilie, apime tena palepale. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya tairi, yani kama tairi inaweza kupanda milimita 80 basi iwe imeshuka kama 20 mpaka 27. Ikishuka zaidi panda ngazi, ikishuka pungufu ya hapo punguza ngazi, inakuwa haina pa kushukia na kila kokoto unalihesabu. Tafuta ngazi yako ya siku za kazi, afu tafuta ya Jumamosi kwa kipimo hicho hicho mama watoto akiwa amekaa, uweke alama ya rangi ya kucha kwenye zote mbili. Hata ukiwa na haraka utajua unazungusha mpaka wapi. Kama hata ngazi ya juu kabisa haifiki kimo Jumamosi, hapo springi ni laini kwako kweli, na hapo tu ndo nitakuruhusu urudi kwenye wazo la Boksa.

Na ule mchele, mwalimu, usiufunge nyuma kabisa ya karia. Kilo zinazokaa nyuma ya ekseli zinainua mbele, usukani unakuwa mwepesi, na shokapu inabeba zaidi ya uzito wenyewe kwa sababu mzigo unavuta kama nyenzo. Usogeze mbele uguse kiti, au uugawe pande mbili chini chini. Na kama njia ni mbaya na mvua za masika zimeshaanza, mama apande basi na mchele upande na wewe, nadhani hata yeye ataipenda hiyo.

Ukishapima nitumie urefu wa katikati ya bolti hadi bolti, upana wa tundu la juu na la chini, na uniambie chini ni jicho au uma. Kama namba zako zikiwa za ajabu, maana kuna CG zilizokwisha badilishwa swingamu bila mwenyewe kujua, nitakwambia kabla hujapanda gari la Morogoro.